Pikapu Kuukuu, Maji na Daftari

Ndugu mwanakisomo, katika somo hili tutajifunza kuosha na kutunza pikapu ya zamani. Huenda wewe huna gari. Lakini siku ya gulio unapanda pikapu. Magunia yako ya mahindi yanapanda pikapu. Mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku, pikapu ndiyo hutafutwa kwanza ili kumpeleka hospitali ya wilaya, Kilosa. Basi habari za pikapu ni zako pia.

Mimi si fundi wa magari. Kazi yangu ni elimu ya watu wazima. Haya nimeyauliza kwa mafundi na madereva wa Kilosa na Mikumi, nikayaandika kwa maneno wanayotumia wao.

Tuchukue mfano. Tuseme kikundi cha wakulima kimechanga fedha na kununua pikapu iliyokwisha kutumika miaka mingi. Ni Toyota Hilux ya dizeli. Ina bodi yenye kutu hapa na pale, lakini injini yake ni nzima. Wanakikundi 20 wanaitegemea. Je, pikapu hiyo itadumu miaka mingapi? Umri wake peke yake hauwezi kutujibu. Yapo magari ya zamani sana yanayofanya kazi kila siku, na yapo magari ya juzi yaliyokwisha kuwekwa juu ya mawe. Tofauti kubwa iko katika matunzo.

Tope huficha ubovu

Watu wengi hufikiri kwamba gari huoshwa ili lipendeze. Kupendeza ni kuzuri, lakini siyo sababu kubwa. Sababu kubwa ni kwamba tope huficha ubovu. Oili ikivuja juu ya chuma safi, utaiona asubuhi. Ikivuja juu ya tope, tope huinywa, nawe huoni kitu mpaka siku injini inapogonga. Bamba la springi likipata ufa, ufa huonekana kama uzi mwembamba. Nani ataona uzi chini ya udongo wa vidole viwili?

Kwa hiyo unapoosha gari, mkono wako unasugua na macho yako yanatafuta. Kuosha ni kukagua.

Wilaya yetu ina tope la kila namna. Kwenye uwanda wa Mkata kuna udongo mweusi unaonata. Ukikauka chini ya gari huwa mgumu kama tofali. Wakati wa kiangazi njia za udongo hutoa vumbi jingi. Wakati wa masika maji hukata njia. Wengi bado wanakumbuka Desemba 2009 na Januari 2010. Mto Mkondoa ulifurika, ukaingia katika nyumba za watu Kilosa na kuharibu reli. Hata katika mwaka wa mvua za kawaida, pikapu huvuka maji mara nyingi kabla masika hayajakwisha. Vumbi, tope na maji ndiyo maadui watatu wa pikapu yetu.

Mahali pa kuoshea

Madereva wengi hupenda kuingiza gari mtoni. Maji ni mengi na hayana bei. Usifanye hivyo. Gari lina oili, grisi na dizeli. Vyote hivyo huingia katika maji, na huko chini kuna mtu anayeteka maji ya kunywa. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60 ni karibu hatua 80 za mtu mzima.

Kuna sababu nyingine ya kukataza, nayo ni ya gari lenyewe. Gari lililotoka safarini lina moto. Likiingizwa mtoni likiwa na moto, sehemu zake hupoa ghafula. Hewa iliyomo ndani ya difu hujikunja na kuvuta maji kuingia ndani. Hivyo mwenye gari amelisafisha nje na kulitia maji tumboni.

Chagua mahali penye changarawe au majani, mbali na kisima na mbali na mto. Ndoo nne au tano za maji zinatosha. Tafuta pia brashi ngumu, brashi laini, vitambaa viwili, sabuni na kijiti cha mti. Kijiti hicho utakiona kazi yake baadaye.

Anza chini

Zima injini na uiache ipoe kabisa. Vuta hendibreki. Weka jiwe au gogo mbele na nyuma ya gurudumu moja.

Watu wengi huanza na paa na vioo, kisha wanachoka kabla ya kufika chini. Wewe anza chini. Kwangua tope lililojaa ndani ya madigadi, juu ya tangi la mafuta na kuzunguka springi. Tope likikaa hapo hushika unyevu, na unyevu huleta kutu. Pikapu nyingi za zamani huoza kuanzia mahali pasipoonekana. Mlango unang'aa, kumbe chesisi inaliwa.

Baada ya kukwangua, mwaga maji na usugue. Kisha inama utazame. Angalia mabamba ya springi, kama kuna lililovunjika au kusogea. Shika nati za springi uone kama zimelegea. Tazama ndani ya kila gurudumu. Ukiona unyevu wa mafuta huko ndani, inawezekana ni maji ya breki yanayovuja, au oili inayotoka kwenye ekseli. Lolote kati ya hayo ni jambo la fundi, tena siku hiyohiyo.

Hapa lazima niseme neno moja kwa nguvu. Usiingie kamwe chini ya gari lililonyanyuliwa kwa jeki peke yake. Jeki huteleza. Ardhi hudidimia. Kama gurudumu limetolewa na kuna kazi ya kufanya chini, weka kwanza magogo mazito au vyuma vya kusimamishia gari, kisha tikisa gari uone kama limekaa imara. Kama huna vitu hivyo, mngoje mwenye navyo.

Sasa tuje kwenye sehemu ya mizigo, yaani sehemu ya nyuma. Pikapu ya kijijini hubeba kila kitu: mpunga, vitunguu, mkaa, mbuzi, mbolea. Mbolea ya chumvichumvi ni mbaya sana kwa chuma. Punje zilizomwagika zikipata unyevu, hula rangi na kutoboa bati. Ukishusha mbolea au chumvi, fagia na uoshe sehemu ya nyuma siku hiyohiyo, usingoje Jumamosi. Vumbi la mkaa nalo hushika unyevu katika pembe. Lifagie lote.

Na kile kijiti? Ukitazama chini ya milango utaona vitundu vidogo. Maji ya mvua yanayoingia kwenye kioo hutokea hapo. Vitundu hivyo vikizibwa na tope, maji hukaa ndani ya mlango na mlango huoza kutoka ndani. Chukua kijiti, vizibue. Kazi hiyo haichukui hata dakika mbili, na watu wachache sana huifanya.

Bodi na vioo havina maneno mengi. Osha kutoka juu kwenda chini kwa maji ya sabuni na kitambaa laini. Mwaga maji kwanza ili vumbi liondoke, ndipo usugue, maana vumbi kavu hukwaruza. Safisha taa zote pamoja na zile za nyuma. Ukiona mahali rangi imebanduka, sugua kutu kwa msasa, upake rangi ya kuzuia kutu, hata kama rangi yake haifanani na ya gari.

Chini ya boneti

Fungua boneti. Hapa usimwage ndoo ya maji. Maji yakiingia katika altaneta au stata, umeme huharibika. Pampu ya dizeli ikiwa na moto ikamwagiwa maji baridi, inaweza kukwama, na pampu ni miongoni mwa vitu vya bei kubwa katika gari la dizeli. Tumia brashi na kitambaa chenye unyevu. Mahali penye mafuta yaliyoganda, tumia maji ya sabuni kidogo.

Tazama rejeta. Rejeta ni chombo kinachopoza maji ya injini. Ina mapezi membamba ya bati, na upepo hupita katikati yake. Pikapu inayopita kwenye njia zenye majani marefu huokota mbegu za majani na wadudu, navyo huziba mapezi hayo. Upepo ukizuiwa, injini huchemka. Mwaga maji polepole kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia. Ukimwaga kutoka mbele utaushindilia ndani zaidi.

Kifuniko cha rejeta usikifungue injini ikiwa na moto. Maji yaliyo ndani yamebanwa, na ukifungua yataruka na kukuunguza uso. Ngoja mpaka uweze kushika rejeta kwa kiganja bila kuumia. Kisha weka kitambaa juu ya kifuniko na uzungushe polepole. Tia maji safi. Maji ya mto yenye tope, au maji ya chumvi ya kisima, huacha ukoko ndani ya injini, kama ule wa ndani ya birika la chai. Maji ya mvua yaliyokingwa safi ni afadhali. Bora zaidi ni maji ya rangi yanayouzwa dukani kwa ajili ya rejeta, kwa sababu yana dawa ya kuzuia kutu.

Pima oili. Gari lisimame mahali tambarare, injini iwe imezimwa kwa dakika kadhaa. Chomoa kijiti cha kupimia, kipanguse, kirudishe mpaka mwisho, kisha ukichomoe tena na usome. Kina alama mbili. Oili iwe kati ya alama hizo, karibu na ile ya juu. Usizidishe. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi mapema, hilo lisikutie hofu. Lakini ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiwashe injini. Maji yameingia ndani ya oili. Mwite fundi.

Chujio la hewa lipo ili vumbi lisiingie katika injini. Kwa njia zetu, hili ni jambo kubwa. Chujio la karatasi usilioshe kwa maji. Ligongegonge polepole kwenye kiganja, au lipulizwe kwa pampu kutoka ndani kwenda nje. Likiwa limechanika, hata kidogo tu, nunua jingine. Baadhi ya magari ya zamani, kama Land Rover nyingi, yana chujio lenye bakuli la oili. Hilo humwagwa oili yake iliyojaa vumbi, huoshwa, na kutiwa oili nyingine. Wakati wa kiangazi tazama chujio kila wiki.

Betri ikiwa na unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vyake, gari litakataa kuwaka asubuhi na watu watalisukuma. Fungua waya kwanza, ukianza na ule uliofungwa kwenye bodi. Safisha vichwa kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi kidogo na brashi. Hakikisha maji hayo hayaingii ndani ya betri. Suuza, kausha, funga, na ule waya wa kwenye bodi uwe wa mwisho kufungwa. Paka grisi juu yake. Kama betri yako ina vifuniko, tazama maji yake, na uongeze maji ya betri yanayouzwa dukani, siyo ya bombani. Usikaribishe sigara wala moto hapo, kwa sababu betri hutoa hewa inayolipuka.

Gari la dizeli lina chujio la mafuta, na chini yake magari mengi yana kizibo kidogo. Maji yaliyochanganyika na dizeli hutuama hapo, kwa sababu maji ni mazito kuliko dizeli. Weka kikopo, legeza kizibo, yaache maji yatoke mpaka uone dizeli safi, kisha kaza. Dizeli iliyonunuliwa katika madumu huwa na maji zaidi, kwa hiyo wewe unayenunua kwa madumu fanya kazi hii mara kwa mara.

Breki hazina mbadala

Kuna kijichupa kidogo chini ya boneti chenye maji ya breki. Kiwango chake kikishuka mara kwa mara, kuna mahali yanavuja, au mipira na viatu vya breki vimelika. Usiridhike kwa kuongeza tu.

Madereva wengine wakiishiwa njiani hutia oili ya injini, au hata maji ya sabuni. Hiki ni kifo. Oili huvimbisha mipira ya breki, na mipira ikivimba breki hushika bila kuachia au hukataa kabisa. Maji huchemka moto wa breki ukipanda, yakageuka mvuke, na pedeli ikazama hadi sakafuni. Fikiria pikapu yenye magunia ya vitunguu na watu sita juu yake, inashuka mlima Kitonga kutoka Iringa kuja Mikumi, na pedeli imezama. Breki hutiwa maji ya breki tu. Nunua kopo lenye mfuniko uliofungwa, la namna ile iliyoandikwa juu ya kifuniko cha kijichupa. Na hapa kusoma kwako ni kinga: linganisha herufi na namba za kwenye kopo na zile za kwenye kifuniko. Zinapotofautiana, usikubali maneno ya muuzaji.

Baada ya kuosha gari au kuvuka maji, breki huwa zimelowa. Endesha polepole huku ukikanyaga breki kidogokidogo mpaka uone zinashika.

Kama gari limevuka maji yaliyofika kwenye ekseli, mwambie fundi afungue kizibo cha difu na kutazama oili yake. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwagwe yote na kutiwa mpya. Gharama ya oili ya difu ni ndogo ukilinganisha na difu lenyewe.

Magurudumu: pima upepo yakiwa ya baridi, kaza nati kwa kuvuka, yaani moja ya huku kisha ya upande wa pili, na uzitazame tena baada ya mwendo wa kilomita 50 hivi ikiwa gurudumu lilitolewa. Grisi nayo hutiwa kwa bomba la grisi katika vitundu vilivyoko kwenye propela, springi na sehemu za usukani. Panguse kwanza kitundu, la sivyo unaingiza mchanga pamoja na grisi.

Kuharibikiwa hifadhini

Pengine utasema, pikapu ikiharibika njiani tutaitengeneza hukohuko. Fikiri ni njia gani hiyo. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia inapita ndani yake kwa kilomita kama 50. Kuna tembo, nyati na simba, na mara nyingi huonekana karibu kabisa na lami. Mpira wa rejeta ukipasuka hapo saa mbili ya usiku, utashuka na tochi kutafuta ulipopasuka? Mpira huo ulianza kuonyesha nyufa wiki nyingi kabla. Mtu aliyepitisha kitambaa juu yake Jumamosi angeuona.

Kwa hiyo kabla ya safari ya kupita hifadhini kagua maji, oili, mkanda wa feni, taa na magurudumu ungali Mikumi mjini au Morogoro. Mkanda wa feni uubonyeze kwa kidole gumba. Ukiwa na nyufa au umelegea, usiondoke.

Daftari la gari

Sasa tunafika mahali ambapo wewe mwanakisomo una uwezo ambao zamani hukuwa nao. Unaweza kuandika.

Nunua daftari la kawaida. Liwe la gari tu, lisiandikwe madeni ya duka wala nyimbo za kwaya. Chora mistari upate sehemu tano: tarehe, kilomita, kazi iliyofanyika, fedha, na sahihi. Kilomita utazisoma kwenye dashibodi, mbele ya dereva. Daftari la kikundi chetu cha mfano linaweza kusomeka hivi:

Tarehe 3 Machi. Kilomita 214,300. Oili ya injini na chujio vimebadilishwa.

Tarehe 10 Machi. Kilomita 214,720. Gari limeoshwa. Maji ya rejeta yameongezwa nusu lita.

Tarehe 17 Machi. Kilomita 215,100. Gari limeoshwa. Maji ya rejeta yameongezwa lita 1.

Tarehe 24 Machi. Kilomita 215,510. Gari limeoshwa. Maji ya rejeta yameongezwa lita 1 na nusu.

Soma tena mistari mitatu ya mwisho. Umeona nini? Gari halijachemka hata mara moja. Dereva hajalalamika. Lakini maji yanapungua, tena kila wiki yanapungua zaidi. Mtu anayeongeza maji bila kuandika hataliona jambo hili, kwa sababu kila mara yeye huona ameongeza kidogo tu. Daftari linaliona. Huenda ni mpira umeanza kuvuja. Huenda ni rejeta. Huenda ni gasketi ya silinda hedi. Ukimpelekea fundi wiki hii, pengine utabadilisha mpira mmoja. Ukingoja mpaka injini ichemke na silinda hedi kupinda, kikundi kitachanga upya.

Sasa tufanye hesabu. Pikapu nyingi za zamani za dizeli hubadilishwa oili ya injini kila baada ya kilomita 5,000, na mapema zaidi mahali penye vumbi jingi. Kama kitabu cha gari lako kipo, fuata kitabu. Oili yetu ilibadilishwa kwenye kilomita 214,300. Leo dashibodi inasoma 218,950. Toa 214,300 kutoka 218,950. Jibu ni 4,650. Sasa toa 4,650 kutoka 5,000. Zimebaki kilomita 350. Kama pikapu huenda kilomita 175 kwa wiki, zimebaki wiki 2. Mtunza hazina ana wiki mbili za kutafuta fedha za oili, wala hatashtukizwa.

Oili chafu inayomwagwa ikinge katika karai na kuiweka kwenye dumu lenye mfuniko. Usiimwage shambani wala karibu na kisima, wala usiipake kwenye vidonda vya watu au mifugo. Osha mikono kwa sabuni baada ya kuishika.

Kuna mstari mmoja ambao daftari lolote la pikapu ya dizeli lisikose, nao ni wa mkanda wa taimingi. Si injini zote zina mkanda huu, nyingine zina giya au cheni. Muulize fundi. Injini nyingi za Hilux za dizeli za zamani zinao, nao hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000. Umefichwa ndani ya kifuniko, hauonekani kwa kuosha. Ukikatika, vali na pistoni hugongana na injini inaweza kufa papo hapo. Ukinunua pikapu na muuzaji hajui mkanda ulibadilishwa lini, ubadilishe, kisha andika kilomita za siku hiyo kwa herufi kubwa kwenye jalada la daftari.

Daftari lina faida nyingine katika kikundi. Gari la watu 20 huleta maneno. Huyu anasema dereva amekula fedha za oili. Yule anasema fundi hakufanya kazi. Daftari likiwa na tarehe, kilomita, fedha na sahihi, na risiti zimebandikwa kwa gundi, mkutano unakuwa mfupi. Mimi ningependa daftari lisomwe kwa sauti kwenye kila mkutano, na lisomwe na mwanakikundi tofauti kila mara. Dereva naye atalindwa. Si mara chache dereva mwaminifu hufukuzwa kwa sababu hana karatasi ya kujitetea.

Nani aandike? Anayeosha ndiye aandike, siku hiyohiyo, kabla hajanawa miguu. Alama za vidole vyenye grisi kwenye karatasi hazina ubaya wowote. Na kama kijana wa kikundi anapenda kazi hii kiasi cha kutaka ufundi wenyewe, pale Mikumi kuna chuo cha ufundi stadi cha VETA. Aende akaulize.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini tunaanza kuosha gari chini kabla ya paa?

2. Dereva anataka kutia maji ya sabuni mahali pa maji ya breki ili mfike nyumbani. Utamwambia nini?

3. Oili ilibadilishwa kwenye kilomita 187,600. Leo dashibodi inasoma 191,400. Zimebaki kilomita ngapi kufika 5,000?

4. Nendeni kwenye pikapu iliyo karibu na darasa, kwa ruhusa ya mwenyewe. Someni kilomita zake. Tazameni vitundu vya chini ya milango, mpira wa rejeta na kijiti cha oili. Andikeni mlichokiona, kila mtu katika daftari lake, kisha mlinganishe.